Msumeno Mpya wa Mwongera

Salesio Njuki alikataa kupanda mpaka aione ile kamba kwa macho yake, na Inspekta Igoki hakuona la kumlaumu. Mtu wa mwisho kupanda mkaratusi ule alikuwa mochari, na kesho yake mchana angekuwa kaburini.

Igoki alifungua mfuko wa ushahidi juu ya boneti ya gari la polisi. Ilikuwa kamba nyeupe ya nailoni, nene kama kidole gumba, na ncha iliyokatwa ilikuwa nyeusi tititi kwa oili. Salesio aliitazama bila kuigusa.

"Ilikatikia wapi?"

"Karibu na kiuno. Shubiri moja tu kutoka kwenye fundo."

"Na chini alikuwa ameshika nani?"

"Njoka. Yule pale."

Njoka alikuwa kando ya kisiki cha mwerezi, anakunjua kamba nyingine polepole. Mtu wa makamo, mabega mapana, mpole wa kusemeshwa. Alikuwa amekaa na marehemu Mwongera kazini miaka mingi, mmoja juu, mmoja chini. Huku Kibirichia mpanda miti hajifungi kwenye mti wenyewe. Anafungwa kamba kiunoni, kamba inapitishwa kwenye panda ya tawi juu ya kichwa chake, inarudi chini, na mwenzake anaizungusha kwenye kisiki na kuishikilia. Ukitaka kushuka unamwambia, naye anakulegezea. Ni njia ya tangu zamani, na ukiwaletea watu wa huku mkanda wa dukani watakuuliza mkanda huo una macho ya kukuona ukiteleza.

"Mimi nina mkanda wangu, una waya ndani," Salesio alisema. "Msumeno hauwezi kuukata."

"Mwongera hakuwa nao. Nataka upande alivyopanda yeye. La sivyo wale pale barabarani watasema tumewachezea."

Salesio aliwatazama wale wa barabarani. Walikuwa wengi, wamejipanga nyuma ya ua wa shamba la viazi, na Konstebo Kanana alikuwa anatembea mbele yao akiwarudisha nyuma kwa maneno tu. Hawakuwa wanapiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha Igoki. Watu wanaopiga kelele huchoka wakaenda nyumbani.

Walimtaka Mithika, mdogo wake marehemu. Jioni kabla ya ajali majirani walimwona Mithika ameufungua msumeno mpya kwa spana, akijaza na tangi. Asubuhi yake, Mithika akiwa ameenda kutafuta petroli, kaka yake akaanguka. Basi, kesi imekwisha: Mithika alilegeza breki, msumeno ukaruka, ukakata kamba. Mithika alikuwa seli tangu siku ile, na hapo kijijini ilikuwa imeshasemwa wazi kwamba kesho makaburi yatachimbwa mawili. Mkuu wa stesheni hakutaka vita. Alimwambia Igoki aujaribu msumeno leo, juu ya mti ule ule. Breki ikishindwa, Mithika anapelekwa kortini Meru. Ikishika, atafutiwe njia ya kutoka, kama watu wataikubali.

Salesio naye alikuja kwa shida yake. Msumeno ulitoka kwenye duka lake mjini Meru, wa kwanza wa aina hiyo kuuzwa upande huu, na habari ilikuwa imefika sokoni kwamba Salesio anauza mashine za kuua watu. Mwembu wa watu, mwenye mdomo wa biashara, lakini leo mdomo wenyewe ulikuwa umekauka.

"Nikifa, madam, duka lifungwe kwa heshima," alisema.

"Hutakufa. Ukague kwanza."

Aliuweka msumeno juu ya gunia. Ulikuwa mdogo ukilinganisha na pawasoo za kawaida zinazoangusha miti huku, na mshiko wake ulikuwa juu ya injini, siyo nyuma.

"Huu umetengenezewa mtu aliye juu ya mti," Salesio alieleza, na sauti ikaanza kumrudia. "Ni mwepesi. Unaning'inia kwenye nyonga mpaka uuhitaji. Ile mikubwa wanaiwasha chini, halafu wanaivuta juu kwa kamba ikiwa inanguruma. Wazimu mtupu. Huu unauwasha ukiwa huko huko, breki imefungwa."

"Ubaya wake?"

"Ubaya wake ni huo huo wepesi. Mtu anashawishika kuushika kwa mkono mmoja. Ukigonga tawi kwa ncha unakurukia usoni. Hapo ndipo breki inakuokoa." Alisukuma kinga ya mbele, ikalia tak. Akauvuta mnyororo kwa kidole. "Umekazwa vizuri. Mnyororo mpya hulegea siku ya kwanza, lazima ukazwe. Nani aliukaza?"

"Mithika. Ndiyo ile spana."

"Basi alifanya nilichowaambia wafanye." Akafungua kifuniko cha tangi la mafuta ya mnyororo, akainamisha, mafuta yakaonekana yakimeremeta, rangi ya asali. "Hata hapa walinisikiza. Wengine wote wanatia oili chafu ya gereji, ile inayotolewa kwenye magari. Niliwaambia wakitia hiyo, garanti imekwenda."

"Wote wanatia oili chafu?"

"Wote. Nani atanunua safi na chafu inapatikana bure?"

Igoki aliandika jambo hilo kwa sababu huandika kila jambo, akaenda kuzungumza na mjane.

Karwirwa alikuwa amesimama peke yake kando ya ua, khanga mabegani, macho makavu. Hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa ndani ya shamba. Yeye hakuomba ruhusa na Kanana hakuwa na moyo wa kumzuia.

"Mama Kaari, pole tena. Nina swali moja tu. Kwa nini aliutumia msumeno Alhamisi, na ulikuwa wa kuombewa kanisani Jumapili?"

"Alitaka kuujaribu. Alisema hawezi kupeleka mbele ya Mungu kitu ambacho hajui kama ni kizima." Karwirwa alifunga khanga vizuri. "Na alikuwa na jambo la kusema siku hiyo. Mwenye chombo akiombewa anasimama anashuhudia, si unajua. Alisema hataombewa msumeno mpya kabla hajasema kitu ule wa zamani ulifanya huko msituni."

"Kitu gani?"

"Hakuniambia. Alikosa usingizi siku mbili, hakuniambia."

"Ule wa zamani walikuwa wanautumia kina nani?"

"Wote watatu. Yeye, Njoka, na Mithika." Kisha akaongeza haraka, kama aliyejuta kulitaja jina la mwisho, "Mithika hakuua kaka yake, madam. Mimi nimemlea huyo. Wakimwua kesho, ni mimi watakuwa wameua."

Jambo la msituni lilimpa Mithika sababu ya kuua kama lilivyompa mtu mwingine yeyote. Huo ulikuwa wasiwasi wa Igoki, na kusema kweli hakuupenda.

"Mko tayari?" Njoka aliita kwa upole. "Upepo unazidi, madam. Mchana hapa hapapandiki."

"Utaweza kushika?"

"Nani mwingine? Hawa wengine hawajui kamba." Alitema mate viganjani, akazungusha kamba mara mbili kwenye kisiki. "Nitamshika kama ndugu."

Salesio alipanda. Alipanda vizuri kuliko alivyojitangaza, miguu ikishika magome, msumeno ukining'inia nyongani, kipande kirefu cha kamba nyeupe kimefungwa mkononi. Kipande hicho kilikuwa cha kamba ile ile ya Mwongera. Igoki alimpa kazi mbili: ajaribu breki kwenye tawi, kisha afunge kipande kwenye kijiti, akikate kwa msumeno, akitupe chini. Alitaka kuona ncha ya kamba iliyokatwa na mashine hii inaonekana vipi. Alirudi nyuma kando ya gari, mbali na matawi, na kutoka hapo Salesio alionekana mdogo sana. Alikuwa ameegemea hewa, nyayo kwenye shina, mwili wote umelala kwenye kamba.

Injini ililia. Tawi la kwanza lilianguka, likafuatwa na harufu kali ya majani ya mkaratusi. Salesio aligusisha ncha ya msumeno kwenye tawi la pili kwa makusudi, msumeno ukaruka nyuma, na watu wa barabarani wote wakavuta pumzi pamoja. Mnyororo ulisimama hapo hapo. Alirudia. Ukasimama tena.

Kisha kipande cha kamba kilianguka kwenye nyasi.

Alikiokota, akakipeleka kwenye boneti, akakilaza kando ya kile cha ushahidi. Ncha mpya ilikuwa imechanika ovyo, nyuzi zimesimama kila upande, na mafuta yaliyoilowesha yalikuwa rangi ya asali. Ile ya Mwongera ilikuwa imekatika sawasawa, na nyeusi. Aliinusa. Ilinuka gereji.

Alisimama pale akaangalia kamba mbili. Msumeno huu haukuwa na oili nyeusi hata tone moja. Aliyepaka ile oili alitaka ncha ionekane ya mashine, na alifanya hivyo kwa mazoea, kwa sababu kila pawasoo aliyowahi kuishika ilikunywa oili chafu. Hakujua kwamba hii ilikuwa tofauti. Mithika alijua, ni yeye aliyelijaza tangi jioni ile, na Mwongera alipoanguka, Mithika alikuwa kwenye kituo cha mafuta anatafuta petroli. Basi Mwongera hakuanguka kwa kukatwa kamba. Aliachiliwa. Kamba ilikatwa baadaye, chini, kwa panga, kabla watu hawajafika. Na aliyefika kwanza ni yule aliyekuwa karibu.

Aliinua macho. Kando ya kisiki palikuwa na galoni kuukuu ya oili ya ule msumeno wa zamani. Nyuma ya galoni, Njoka alikuwa ameshika kamba kwa mikono miwili, na alikuwa anamtazama yeye.

Igoki aliogopa. Aliogopa kwa namna ambayo hakuwa ameogopa tangu aingie polisi, kwa sababu bastola ilikuwa kiunoni na haikumfaa kitu. Akimpiga risasi Njoka, Salesio anaanguka. Akimkimbilia, Salesio anaanguka. Na Salesio huko juu alikuwa anakata tawi jingine, injini inalia, hasikii chochote.

Akafanya jambo la pekee aliloweza kufanya. Akadanganya.

"Zinafanana," alisema kwa sauti, kwa barabara nzima. "Ni msumeno ulioikata. Mithika ana kesi ya kujibu."

Nyuma ya ua watu walinguruma. Mtu alipiga bati. Karwirwa aligeuka akamtazama Igoki kwa uso ambao Igoki hangependa kuuona tena.

"Mzee Njoka, inatosha," Igoki aliendelea, akitembea kuelekea kisiki bila haraka, kipande cha kamba kimening'inia mkononi kama kitu kisicho na maana. "Mshushe fundi. Tumemaliza."

Njoka alipumua. Mabega yake yalishuka. Alitikisa kamba mara mbili, ishara yao ya kushuka, na huko juu Salesio aliihisi, akazima injini. Njoka akaanza kulegeza. Salesio akashuka urefu wa mtu mmoja, taratibu, akizunguka kidogo.

Na katika ule ukimya, Salesio mfanyabiashara akakumbuka duka lake.

"Watu wa Kibirichia!" alipaza sauti kutoka juu. "Breki ni nzima! Nimeijaribu mara mbili, mmeona wenyewe! Hii mashine haikukata kamba ya mtu!"

Kamba ilisimama.

"Umenidanganya, madam," Njoka alisema.

Igoki naye alisimama. Kati yao palibaki nafasi ya kulaza kitanda.

"Mzee Njoka..."

"Usikaribie." Hakupaza sauti. Alitoa mzunguko mmoja kwenye kisiki, na kamba ikavutika mikononi mwake mpaka mishipa ikamsimama shingoni. Sasa Salesio alikuwa ameshikwa na mzunguko mmoja na mikono ya mtu huyu. Alishuka ghafla kidogo, akapiga ukelele, akasimama.

"Nini hiyo?" Salesio aliita. "We mshika kamba, nini hiyo?"

Barabarani watu walikuwa wameanza kuelewa, kelele ikafa. Kanana alikuwa amefikisha mkono kwenye bunduki. Igoki alimtikisia kichwa.

"Uliona oili," Njoka alisema.

"Niliona."

"Mimi sikujua wameweka nyingine. Hakuna aliyeniambia." Alisema hilo kwa masikitiko, kama mtu aliyeachwa nje ya harusi. "Mwongera angenyamaza tu. Ule mti wa msituni ulimwangukia mtu, madam, mchoma makaa, hata hatukumjua jina. Tulikuwa wawili tu siku hiyo. Tukakubaliana. Halafu unaletwa msumeno mpya na yeye anataka kushuhudia. Mimi nina watoto. Angeshuhudia yake tu, sawa. Lakini yangu?"

"Nimekusikia. Mshushe huyu, tuzungumze."

"Nikimshusha nimekwisha."

"Ukimwachilia umekwisha zaidi."

"Kwisha ni kwisha." Kamba ikateleza tena, kidogo. Juu, Salesio alianza kuomba kwa Kiembu, kwa sauti ya chini, akimtaja mama yake.

Igoki alihesabu uwezekano wa kuirukia ile kamba, akaona ataifikia ikiwa tupu.

Karwirwa ndiye aliyepita. Alipita kando ya Igoki kama hayupo, khanga ikamwanguka, hakuiokota. Njoka alimwona akija na akafungua kinywa kumkataza, lakini hakumkataza. Karwirwa alifika mbele yake akaikamata kamba kwa mikono yote miwili, juu ya mikono ya Njoka, akaweka mguu kwenye kisiki.

"Siwezi kumshika peke yangu," alimwambia. "Unajua siwezi. Nisaidie tumshushe."

Njoka alimtazama. Uso wake ulivunjika.

"Mama Kaari, mimi..."

"Tumshushe kwanza."

Wakamshusha. Igoki alifika akaishika kamba nyuma yao, na bado alihisi kwamba uzito ulikuwa kwa Njoka, kwamba ni Njoka aliyekuwa anakijua kipimo cha kulegeza, na kwamba alikuwa anafanya kazi yake vizuri kabisa. Salesio aligusa nyasi, akakaa chini na msumeno wake mapajani. Hakusema lolote kuhusu duka.

Kanana alikuja na pingu. Njoka alinyoosha mikono kabla hajaambiwa, viganja vimechubuka damu. Nyuma ya ua hakuna aliyeokota jiwe, na hakuna aliyetaja jina la Mithika. Wengine walikuwa wameanza kuondoka, wakitazama chini.

"Ngoja," Karwirwa alisema.

Kanana alimtazama Igoki, Igoki akakubali.

"Siku ile," Karwirwa alimwuliza Njoka, "alisema nini?"

"Wacha, mama Kaari."

"Alisema nini?"

Njoka alizungumza akiangalia pingu.

"Mara ya kwanza nililegeza kidogo, halafu nikaogopa, nikashika tena. Yeye alidhani mikono imechoka. Akaniambia, pole Njoka, nimekuchosha. Nimalizie tawi hili nishuke tunywe uji."

"Halafu?"

"Halafu nikaachilia."

Karwirwa alikaa pale pale kwenye vumbi la mbao. Kamba ilikuwa bado mikononi mwake. Igoki alimwinamia akajaribu kuichukua taratibu, kwa kuwa sasa ilikuwa ushahidi, lakini mama huyo alikuwa ameishika kwa nguvu zake zote.